Reli ya Yule wa Baba Dogo

Nilizichukia soksi zake kabla sijamchukia yeye mwenyewe. Katika chuo chetu cha kompyuta, orofa ya pili juu ya duka la misumari na rangi kando ya Jogoo Road, viatu viliachwa mlangoni. Mwalimu alituambia kwamba vumbi la Eastlands likiingia kwenye mashine, mashine inakufa, na sisi tukaamini, maana hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kuona mashine ikifa. Kwa hiyo tulijuana kwa soksi. Zangu zilikuwa nyeupe na nilizifua kila jioni. Zake zilikuwa za kijani, za shule ya upili aliyokwisha kuimaliza, na kidole gumba cha mguu wa kushoto kilichungulia nje. Hakujali. Alikaa mbele ya skrini akiwaza mambo yake, kidole kikitutazama sote, nami nikajiuliza kama huyu hana mtu nyumbani wa kumshonea.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Kila mzazi wa Makongeni aliyekuwa na mtoto aliyemaliza kidato cha nne alitaka mtoto huyo ajue kompyuta, hata kama mzazi mwenyewe hakujua kompyuta hufanya nini. Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Alianza kama mtu wa taa na bendera kwenye stesheni ndogo huko bara, akahamishiwa Nairobi mimi nikiwa sijaota meno, akapewa nyumba Makongeni, na mwaka ule ninaousimulia alikuwa amestaafishwa mapema pamoja na wenzake wengi. Nyumba tuliruhusiwa kukaa hadi Desemba. Alinipeleka chuoni mwenyewe siku ya kwanza, amevaa koti lake la kazi lililotolewa vifungo vya shaba, akamwambia mwalimu, "Huyu ni wangu. Utaona."

Maneno hayo matatu, huyu ni wangu, ndiyo niliyoyasomea tangu darasa la kwanza. Kila nilipoleta ripoti nzuri alitoka nayo nje, akawaonyesha majirani waliokuwa wanaanika nguo, hata wale wasiojua kusoma, akasema hivyo. Mimi ndimi kifungua mimba wake, tena nimepewa jina la mama yake, na kwa desturi ya watu wetu wa magharibi aliniita "mama". Sikuwahi kufikiri kwamba nafasi hiyo inaweza kuingiliwa na mtu.

Baada ya kustaafu, Baba alinyamaza. Si kwamba alikuwa na hasira. Alikaa tu kwenye kiti karibu na dirisha, na gari moshi lilipopiga honi kule nyuma ya nyumba, aliinua mkono akaitazama saa yake. "Amechelewa," alisema. Basi, hayo ndiyo maneno yake ya siku. Mama alisema mume wake amestaafu lakini ulimi umebaki kazini. Tulimwuliza mambo akajibu kwa kichwa, tukazoea, na baada ya muda tukaacha kumwuliza.

Darasani nilikuwa wa kwanza. Nilichapa haraka kuliko wote, bila kutazama vidole. Hata kwenye gemu niliwashinda wavulana. Saa ya chakula cha mchana mwalimu alikuwa akienda kula, akituachia nusu saa ya kucheza, na kulikuwa na gemu moja tu ya maana, iliyokuja kwa disketi kutoka kwa mtu aliyemjua mtu. Ilikuwa ya wafalme wa kale. Unakata kuni, unachimba dhahabu, unajenga minara, halafu unatuma askari wa mikuki wakachome mji wa mwenzako. Mimi nilichoma miji mingi. "Huyu dame ni noma," walisema, nami nilijifanya sijasikia.

Yule wa soksi za kijani, ambaye tulimwita wa Baba Dogo kwa mtaa aliotoka, hakuchoma chochote. Alikuwa amegundua kwamba ndani ya gemu ile kuna mahali unapoweza kuchora nchi yako mwenyewe, ukaweka milima na mito, ukapanga watu, ukaandika na masharti: likitokea hili, na litokee lile. Sisi tukipigana, yeye alichora. Nilimwona kama mtu anayekwenda harusini akakaa jikoni.

Siku moja aliniendea tukivaa viatu mlangoni.

"Sasa. Wewe ni wa Makongeni, si ndio? Mzee wako ni wa reli?"

"Alikuwa."

"Nataka kuchora reli kwa ile gemu. Kutoka Mombasa mpaka kwa ziwa, vile ilijengwa zamani. Lakini sijui reli hufanya aje kazi. Naweza kuja kumwuliza?"

"Mwulize mwenyewe," nilimjibu, nikafunga kamba ya kiatu nikaondoka. Nilidhani nimemfukuza.

Jumamosi ya wiki hiyo hiyo alifika. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Baba Dogo kupitia Kiamaiko, na vumbi la soko la mbuzi lilikuwa bado kwenye suruali yake. Mkononi alikuwa na mkate na paketi mbili za maziwa, kwa sababu kwao, watu wa kati ya nchi waliokuja mjini kufanya kazi viwandani, mtu haendi kwa mzee mikono mitupu. Akavua viatu mlangoni kwetu kwa mazoea ya chuo. Mama alipenda hilo. Mimi nilikiona kile kidole gumba kikiingia sebuleni kwetu kabla ya mwenyewe, nikapandwa na hasira bila sababu ya kueleweka.

"Mzee, nimekuja kuuliza," alisema. "Kuuliza si ujinga."

Na Baba akaongea.

Nilikuwa jikoni nikipika chai. Kwanza nilisikia sauti yake ile ya siku hizi, ya kukwaruza kidogo. Halafu ikafunguka. Akataja stesheni, akataja mvua iliyowahi kula tuta la njia, akamtaja mkubwa fulani aliyekuwa akilala kazini amesimama. Halafu akacheka. Nilishika sufuria bila kitambaa nikaungua, maana sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu astaafu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mama alininong'oneza huku akikata mkate. Macho yake yalikuwa yamelowa kwa furaha. Ningepaswa kufurahi naye. Badala yake nilichukua mtungi nikaenda kupanga foleni ya maji, ijapokuwa pipa letu lilikuwa limejaa mpaka kwenye ukingo.

Alikuja Jumamosi tano. Kila mara akifika mimi natoka. Mara ni mazoezi ya kwaya, mara ni kupeleka mahindi kusagwa, mara ni maji tena, mpaka jirani mmoja akaniuliza kama tunaosha ng'ombe. Sikutaka kuwasikia. Niliona kwamba nikikaa pale nikisikiliza hadithi ambazo mtu mwingine ndiye aliyezitoa, nitakuwa mgeni kwetu. Jumamosi ya tatu nilirudi nikamkuta Mama amevaa miwani yake, sindano mkononi, anashona ile soksi ya kijani. Mwenyewe amekaa na mguu mmoja mtupu, anaandika kwenye daftari anayoambiwa.  Nilimimina maji kwenye pipa lililojaa yakamwagika sakafuni.

Jumamosi ya mwisho niliwakuta nje, kwenye uwanja mdogo kati ya nyumba. Majirani walikuwa wamesimama milangoni wanacheka. Yeye alikuwa anahema, ameinama, anajisugua kwenye kiwiko. Baba alikuwa amesimama wima kama siku za kazi. Nilipita katikati yao na mtungi wangu kichwani. Ndani nilikuta vitambaa vya kichwa vya Mama vimerundikwa kwenye kiti. Kwa kawaida vilining'inia kwenye pete ya Baba, pete kubwa ya chuma yenye mkono na kifuko cha ngozi kilichochakaa, iliyotundikwa msumarini tangu nipate akili. Alikuja nayo kutoka bara, na Mama aliona inafaa kwa vitambaa. Nilivikunja nikaviweka kando. Jumatatu darasani niliona alama ya buluu kwenye kiwiko cha yule kijana, upande wa ndani. Sikumwuliza.

"Kijana yule ana kichwa," Baba alisema tukila. Hakusema ni wake. Lakini mimi nilisikia hivyo.

Wiki mbili baadaye reli yake ilikamilika. Ilikuwa kwenye disketi moja ya buluu, ameandika juu yake kwa kalamu: MOMBASA HADI ZIWANI. Darasa zima lilisimama nyuma ya kiti chake. Gemu haikuwa na gari moshi, kwa hiyo alitumia mkokoteni wa biashara. Stesheni zilikuwa minara ya mawe: Mombasa, Voi, Makindu, Nairobi, Nakuru, mpaka ziwani. Kati ya kila stesheni mbili aliweka mpanda farasi mmoja, hana mkuki, hana upinde. Kulikuwa na simba vichakani upande wa Tsavo. Na maandishi ya kwenye skrini yalikuwa ya Kiswahili. Hatukuwa tumewahi kuona kompyuta ikituzungumzia kwa Kiswahili. "Kambi ya Makindu ina kiu," ilisema. "Leta maji." Mtu mmoja nyuma yangu alipiga makofi kama yuko kanisani.

Kazi ilikuwa kupeleka maji na chakula mbele, stesheni hadi stesheni, ili wafanyakazi wasife na reli isonge. Inaonekana rahisi. Wa kwanza kujaribu alikufia Makindu. Wa pili Makindu. Wa tatu hakufika hata Voi. Mkokoteni unatoka vizuri, unaingia kichakani, na katikati ya njia unatoweka, moshi kidogo, halafu maandishi: "Gari halijafika. Watu wamekufa." Darasa lilipiga kelele kwa uchungu na furaha. Kila aliyeshindwa alimsifu zaidi.

Mimi nilingoja wengine waaibike kwanza. Halafu nikakaa.

Nilikufia Makindu.

Siku iliyofuata nilikufia Makindu, na iliyofuata pia. Niliamua kwamba ni simba, basi nikaua simba wote. Wale wapanda farasi waliokaa bure njiani niliwakusanya nikawafanya jeshi la kuwasaka, wakawazungusha simba kwa mbio zao mpaka askari wa mikuki wakawamaliza. Nikaona nimekuwa mjanja. Nikatuma mikokoteni. Ikatoweka yote, katika nchi isiyo na simba hata mmoja. Nikaamua ni uchache wa mikokoteni, nikajenga mingi, nikaituma kumi kwa mpigo. Ikafa kumi kwa mpigo. Nilichora njia kwenye daftari langu la hesabu, nikahesabu hatua. Nikiosha vyombo nilikuwa nawaza Voi. Mama aliniuliza mbona nakunja uso nikikatakata sukuma wiki.

Alinijia siku moja nikiwa nimebaki peke yangu mbele ya skrini.

"Ulikufia wapi?"

"Unajua vizuri ni wapi."

Akacheka, bila ubaya. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba hakuwa na ubaya. "Usiskie vibaya. Si ngumu hivyo. Muulize tu mzee wako, yeye anajua."

Muulize mzee wako. Mimi! Niende kwa baba yangu nikamwombe siri ambayo yule mwenye soksi alipewa kwa chai na mkate? Afadhali nife Makindu kila siku hadi uzee. Nilimwambia sihitaji msaada wa mtu, na nikasema kwa sauti ya juu, mpaka mwalimu akachungulia.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kulisema. Siku moja, saa ya chakula cha mchana, nilishika ile disketi ya buluu mkononi, peke yangu chumbani. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba sumaku huua disketi, na kwenye spika kubwa ya redio yake kulikuwa na sumaku. Nilisimama mbele ya spika ile. Nilikuwa nimeisogeza disketi karibu kiasi cha upana wa kiganja. Mtu akaingia kuuza mandazi, nami nikairudisha mezani. Wema haukuniokoa siku hiyo. Ni mandazi.

Halafu yule wa Baba Dogo akamwalika Baba. "Mzee, njoo uone reli yako," alimwambia. Baba alipiga viatu rangi siku mbili kabla. Alimwomba Mama amnyooshee shati. Nilimwona akijiandaa hivyo kwa ajili ya kazi ya mtoto wa wengine. Nikasema haraka, kabla sijafikiri, "Baba, ni mimi nitakayekuchezea. Yeye amechora tu. Mimi ndiye ninayecheza vizuri kuliko wote."

"Vizuri, mama," alisema. "Utanipeleka mpaka ziwani."

Alikuja Jumamosi asubuhi. Mlangoni aliinama akavua viatu vyake vilivyong'aa, akaviweka pembeni kwa mstari, akaingia na soksi zake za kijivu zilizoshonwa vizuri. Darasa lote lilisimama. Yule kijana alimpa kiti. "Karibu, baba," alimwambia. Si mzee tena, baba. Mimi nilikaa mbele ya skrini nikapangusa mikono kwenye sketi. Nilitaka jambo moja tu: kwamba mwisho wa reli ile, mbele ya wote, Baba aweke mkono begani mwangu aseme yale maneno yake. Nilikuwa nimeota kwamba siku hiyo bahati itanifungulia njia.

Reli ikafunguka kwenye skrini. Baba akasogea mbele. Akasoma majina ya stesheni kwa sauti ndogo, moja moja, kama mtu anayesalimu watu aliowahi kukaa nao. "Voi," alisema. "Makindu. Ehe." Akamtazama kijana, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Nilianza haraka. Nilikusanya wapanda farasi wote nikawapeleka Tsavo. Niliua simba. Nilijenga mikokoteni saba, minane, nikaipanga pale Mombasa kama msafara wa harusi, nikaachilia yote. Kambi ya Makindu ilikuwa na kiu, skrini ilisema. Naja, nikawaambia kimoyomoyo.

"Ngoja," Baba alisema nyuma yangu. "Yule wa farasi yuko wapi?"

"Nani, Baba?"

"Yule wa kati ya Mombasa na Voi. Alikuwa hapa."

"Nimemtuma kuua simba."

 Nilisikia viti vikiacha kulia. Kwenye skrini mkokoteni wa kwanza ukaingia kichakani, ukatoa moshi, ukatoweka, na wa pili, na wa tatu, mpaka yote ikaisha. Gari halijafika. Watu wamekufa.

"Mama," alisema, kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia. "Umetuma pete kuua simba."

Sikuelewa. Wengine pia hawakuelewa, ila mmoja, ambaye alikuwa anatazama sakafu. Baba akaeleza, akiwa amesimama na soksi zake, mikono nyuma. Njia ni moja, alisema, na magari ni mengi. Likiingia moja kutoka huku na jingine kutoka kule, yanakutana katikati, na watu wanakufa. Kwa hiyo kati ya kila stesheni mbili kuna kitu kimoja, kipande cha chuma cha ruhusa, kimoja tu, na dereva asiyekuwa nacho haingii njiani hata awe amembeba nani. Kitu hicho kiliwekwa kwenye kifuko, kifuko kwenye pete ya chuma, na mtu wa stesheni alisimama kando ya njia ameiinua juu, gari likipita bila kusimama, na msaidizi wa dereva akatoa mkono nje akaidaka kwa kiwiko. Ikifika stesheni ya pili, inakabidhiwa huko. Ndipo gari jingine laweza kupita. "Nimeishika miaka kumi na minne," alisema. "Mvua na jua. Sikuua mtu."

Yule wa farasi ndiye aliyekuwa pete. Mkokoteni ukienda naye, hata kwa bahati tu, unafika. Ukienda bila yeye, unakufa. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri yote. Na ilikuwa imening'inia nyumbani kwetu miaka yote, imebeba vitambaa vya kichwa.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa heri wangecheka. Baba alimwambia kijana, "Umechora sawasawa," akampa mkono. Kisha akaenda kuvaa viatu.

Tulirudi kwa miguu, yeye mbele, mimi hatua mbili nyuma. Jogoo Road ilikuwa na kelele zake, nami nilimshukuru Mungu kwa kelele hizo. Tulipokaribia nyumbani nilishindwa kujizuia.

"Kwa nini hukuniambia, Baba? Mimi ndiye mtoto wako. Umemwambia mtu wa Baba Dogo!"

Alisimama. Alionekana kushangaa kweli. "Nilikuambia. Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakuambia kila siku, unalala mapajani. Halafu ukaanza kusoma vitabu, nikaona mambo ya chuma hayakufai." Akafikiri kidogo. "Na siku hizo kijana alipokuwa akija, nilikuwa nasema kwa sauti, mama, ili usikie jikoni. Lakini wewe ulikuwa unapenda sana maji."

Nililia pale pale, mbele ya mwanamke anayeuza viazi. Nililia kwa wivu na kwa aibu, na siwezi hadi leo kusema ni kipi kilichozidi. Baba hakunibembeleza. Aliingia ndani, akaondoa vitambaa vya Mama kimoja kimoja akaviweka kitini, akatoka na ile pete.

"Simama kule kwenye kamba za nguo," alisema. "Kimbia uje huku. Usipunguze mwendo. Toa mkono hivi, uingize kiwiko. Ukiiogopa itakupiga, na usipoiogopa itakupiga pia."

Nilikimbia. Nikaikosa, ikaanguka ikilia kwenye saruji. Majirani wakaanza kutoka. "Rudia," alisema. Nikarudia, ikanigonga kwenye mfupa, nikapiga yowe. "Rudia." Nilikuwa na sketi ya Jumamosi na soksi nyeupe zilizokwisha kuwa nyekundu kwa vumbi, binti wa miaka kumi na tisa anakimbizana na chuma huku watoto wanashangilia. Mara ya sita pete iliingia mkononi ikazunguka, ikatulia kwenye kiwiko, nzito, ya baridi, na mimi nikaendelea kukimbia nayo mpaka ukutani.

Nilipogeuka, Baba alikuwa ameinua mkono anaitazama saa yake.

"Umechelewa," alisema. Halafu akacheka kile kicheko, safari hii kwa ajili yangu.

Ningeishia hapo kama ningekuwa mtu mwema. Lakini nilimrudishia pete, nikahema, nikamwuliza, "Yeye aliidaka mara ya ngapi?"

Baba alijaribu kukumbuka. Hakuwa mtu wa kudanganya, hata kwa huruma.

"Ya pili," alisema.

Mama alinikanda kwa maji ya chumvi. Jumapili kiwiko kilikuwa cha buluu, na Jumatatu alama ilikuwa imeiva vizuri, kubwa kuliko ile ya yule wa Baba Dogo. Ulikuwa mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi ile ya kuuma masikio, na kila mtu chuoni alikuja amejifunga sweta mpaka shingoni. Mimi nilivaa mikono mifupi.